Maji ya Kibuyu cha Koku
Nyakakika, Jumapili, 1956

Nimemficha mke wangu Koku jambo moja kwa miaka ishirini, na kifua hiki hakitanipa muda mrefu tena.

Ni ile siku tuliyotembea Mombasa kuona mji. Mimi mwalimu nimevaa koti, yeye akapiga magoti ufukweni kujaza kibuyu, ili mama yake aonje maji ya chumvi. Wachukuzi wakamtania: "Bibi, utatumalizia bahari!" Koku alicheka nao. Mimi niliona aibu hadi jasho likanitoka.

Mama mkwe alipoyaonja nilikuwa nje, maana kwa mila yetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Nilisikia vigelegele tu.

Yaliyobaki Koku aliyaziba kwa nta. Leo, akininywesha uji, amesema: "Ukitangulia, Baba Byera, nitayamwaga kaburini kwako. Siku ile uliponiacha niyabebe mbele za watu, nilijua unanipenda."

Nilisingizia kikohozi. Kesho nitamwambia, kama nitaamka na...

Hapana, niandike sasa. Maji ya bahari niliyamwaga stesheni ya treni kwa aibu ile ile, Koku akiwa amelala. Ya kibuyuni ni ya ziwa. Niliyachota melini wakati wa kurudi, nikatia chumvi ya jikoni.