Mama Anaganda Kwenye Skrini

Jumamosi, Agosti. Upepo umeanza tangu asubuhi, na vumbi la mtaa wetu wa Area D limeingia hadi kwenye kibodi.

Naogopa. Niandike hivyo kwanza, ndipo nieleze.

Jumatatu baba anafanyiwa upasuaji wa jicho. Moja lilishazima, hili ndilo analolitegemea, na daktari hakutuahidi kitu. Amefika jana kutoka kijijini Buigiri na ombi moja tu: amwone mama kwenye ile video niliyompiga akipepeta uwele mwaka jana, miezi miwili kabla hajafariki.

Leo nikaifungua niijaribu wakati baba amejipumzisha baada ya chakula cha mchana. Sauti ya mama inakwenda vizuri, picha inaganda. Ungo uko juu, uwele umening'inia hewani, mdomo wake wazi. Kisha picha inaruka, mama yuko kwingine kabisa.

Kosa ni langu. Niliazima kamera mpya ya mwenzangu ofisini nikaiweka kwenye HD ya juu kabisa, kwa mbwembwe tu, wakati kompyuta yangu ni kongwe. Video nikaihamishia kwenye flashi, kadi ya kamera nikamrudishia, naye akaifuta ili akapige picha za harusi.

Nakala ni hii moja.

Nimefunga programu zote. Nimehamisha faili kutoka kwenye flashi kwenda kwenye kompyuta. Nimejaribu programu nyingine ya kuchezea video. Wapi! Nikaamini faili lenyewe limeharibika, nikakaa sakafuni nikalia kimyakimya baba asisikie.

Nikampigia Elisha wa kitengo chetu cha kompyuta. Akacheka. "Dada, faili lako ni zima kabisa, mashine ndiyo inazidiwa. Nenda kwenye mipangilio, iambie iache kulainisha picha, ipungukiwe mzigo."

Hata kubofya niliogopa. Nikikosea nikamfuta mama je? Akanihakikishia kwamba mipangilio haigusi faili. Nikabofya huku nimefumba macho, kama mjinga.

Mama akapepeta. Picha ina vimraba-vimraba pembeni, lakini mikono inakwenda na makapi yanapeperuka.

Nikamwita baba. Akasogeza kiti hadi pua ikakaribia kugusa skrini. Akatazama mpaka pale kwenye video nilipomwomba mama arudie ili nimpige vizuri, naye akanikaripia: "Uwele gani unapepetwa mara mbili, mwanangu?"

Baba alicheka hadi akakohoa. Akaniambia nirudishe hapo. Nikarudisha mara sita.

Mara ya saba akafumba jicho. Nikadhani amechoka, nikanyoosha mkono nizime.

"Acha iendelee," akasema. "Najaribu kama nitamwona hivi hivi."

Sikuthubutu kumuuliza kama alimwona. Siku watakapomfungua bandeji, nitathubutu kumuuliza kama ananiona?