Laptopu ya Mkwe Inakataa Mikono Yangu

Mulembe Senge Edah,

Wewe shangazi wa wote, nimesoma majibu yako gazetini miaka mingi nikicheka shida za wengine, sasa leo zamu ni yangu, na naomba msaada wako kabla Jumamosi haijafika, na tafadhali usinicheke mbele ya watu, ukishindwa ingia ndani ufunge mlango.

Mimi ni mjane, ninakaa Tuwan hapa Kitale, nina ng'ombe wawili wa maziwa nyuma ya nyumba na hao ndio wananilisha, halafu tena mimi ndiye mwandishi wa kwaya ya akina mama, yaani wimbo mpya ukikuja ni mimi nanakili kwa mkono ndio kila mama apate karatasi yake. Msichana wangu Phelista ameolewa Bungoma na kijana anaitwa Wakoli, ako na cyber, lile duka la kompyuta, pale mjini, na sitamsema vibaya, ni kijana wa heshima, hata ng'ombe wa mahari alileta bila kusukumwa. Basi mwezi wa nne huyo Wakoli akampa Phelista laptopu aniletee, ile alikuwa anatumia yeye mwenyewe, ati mama aache kuumiza mikono na kalamu. Senge, nililia. Niliifunika na kitambaa cha krosheti, kile cha maua, nikaiweka juu ya kabati ya vyombo mahali wageni wataiona.

Shida ilianza siku nilitaka kuitumia. Unajua kuna kile kimraba laini chini ya herufi, kile mtu anapapasa na kidole ndio ule mshale utembee kwa kioo. Sasa mimi nikipapasa, mshale unasimama kama ng'ombe amekataa kuvuka mto, nikipapasa tena unaruka hadi kona, unafungua vitu sijaomba, siku moja ulifuta wimbo mzima wa mavuno nikiwa naangalia tu. Nikajaribu asubuhi nikitoka kukamua, nikajaribu jioni nikitoka kukamua, wapi! Na si ati naifinya kwa nguvu, kwanza hii baridi ya Kitale imenipasua vidole, bila kujipaka yale mafuta ya kukamulia kila saa hata kijiko siwezi kushika. Lakini ajabu, Jumapili nikitoka kanisani inanitii kama mtoto aliyelelewa, nikasema kumbe hata mashine inajua siku ya Bwana.

Nikaambia Phelista, Phelista akaambia bwana yake, naye akafunga cyber wakaja. Hapa ndio uelewe, Senge, maana wewe ni mtu wetu, mama mkwe na mkwe hawashikani mikono wala hawaketi chumba kimoja, na mimi hayo mambo nimeyashika. Kwa hivyo Wakoli aliketi sebuleni, mimi nikajificha jikoni, Phelista akawa wa kupeleka maneno. Wakoli anapangusa laptopu na hanchifu, anapapasa, Phelista anapiga kelele, "Mama, si inafanya!" Haya, Wakoli anatoka nje kuangalia ng'ombe, mimi naingia sebuleni, napapasa, mshale huyoo, umekimbia. Natoka na mlango wa nyuma, Wakoli anaingia na wa mbele, anapangusa, inafanya. Tulizunguka hiyo nyumba hadi watu wakasimama kwa ua wakidhani tunafukuza nyoka.

Mmoja wao alikuwa jirani yangu Nabwile, akanivuta kando akaniambia, "Na wewe, si huyo kijana amepapasa hapo miaka yote? Vidole vyake viko hapo. Unamshika mkwe wako mkono kila siku halafu unashangaa kitu kukukataa?" Senge, nilimwamini. Nikarudi jikoni nikamwambia Phelista, na sauti yangu ni ya kwaya, haijui kunong'ona, "Mwambie achukue kitu yake, mikono yake imejaa humo, mimi siitaki!" Mimi nilikuwa naongea mambo ya mila, lakini ukuta wangu ni wa mbao. Kuku alikuwa karibu kuiva. Nilisikia kiti kimesukumwa, halafu geti. Mkwe ametoka kwangu bila kuonja kuku! Phelista akamkimbilia na mtoto mgongoni, na tangu siku hiyo amenipigia mara moja tu, akasema, "Mama, Wakoli anasema kama hata kitu ameshika unaona ni uchafu, yeye hatakanyaga Kitale tena, na mimi sasa sijui nitakuwa nakuja aje."

Laptopu nimeifunga na leso, na Jumamosi kuna mtu wa kanisa anaenda Bungoma. Nimpatie airudishe ama niache? Nikiirudisha mila iko salama lakini nimepoteza mtoto na mjukuu, na nikikaa nayo nitaishi aje na kitu kinanikataa ndani ya nyumba yangu mwenyewe?

Mama Phelista, Tuwan, Kitale

*

Mama Phelista, mulembe sana.

Nimecheka, na mlango sikufunga. Sasa nimemaliza, kwa hivyo nisikilize.

Fungua hiyo leso. Halafu inua mikono yako uiangalie kwa dirisha. Inang'aa, sivyo? Hayo mafuta ndiyo yanakataliwa, mama, si wewe, na mkwe wako hayumo kabisa katika kesi hii.

Umeniandikia kila kitu mwenyewe halafu hukusoma ulichoandika. Unakamua, unajipaka, unaenda kupapasa. Jumapili bila shaka unanawa na sabuni ndio usiingie kanisani ukinuka zizi, na siku hiyo hiyo laptopu inakubali. Wakoli naye kabla hajagusa anapangusa na hanchifu. Siku ya Bwana imeingilia wapi hapo? Kile kimraba kinasikia ngozi ya kidole. Ukikipaka mafuta hakijui tena kidole kiko wapi, kinaanza kubahatisha. Na kwa sababu sipendi kushauri watu kwa kukisia, nilituma nikanunuliwa mafuta ya kukamulia, nikajipaka vizuri, nikaenda kupapasa laptopu ya mhariri wetu, Bwana Zachary. Mshale ulitoka mbio ukafunga habari yake ya ukurasa wa kwanza. Hajanisemesha tangu asubuhi. Hiyo ni sadaka nimetoa kwa ajili yako.

Sasa ona vile mlijifunga wenyewe. Wakoli anaijua hiyo mashine, angekuona ukipapasa mara moja tu angemaliza mambo. Lakini akiingia wewe umetoka, ukiingia yeye yuko kwa ng'ombe, kwa hivyo hakuna mtu aliyewahi kuona mikono yako ikifanya kazi. Siwezi kukuambia uvunje heshima. Mimi pia nina wakwe na ninawakimbia vizuri sana. Lakini Phelista ana macho, na hakuna mila inayokataza binti kuketi kando ya mama yake. Angekaa hapo akuangalie vidole, badala ya kusimama mlangoni akipiga kelele.

Na huyo Nabwile, akirudi na hekima yake, muulize swali moja. Kama kitu kilichoshikwa na mkwe ni mwiko, wale ng'ombe wa mahari walifikaje kwako? Walijishika kamba wenyewe?

Fanya hivi. Zima mashine kwanza. Chukua kitambaa laini, kiloweshe kidogo tu, kikamue hadi kisitoe hata tone, upanguse kile kimraba kisha ukikaushe. Usimwagie maji, hiyo si sufuria. Wewe nawa na sabuni na mikono ikauke kabisa, maana hata majimaji yanaichanganya. Tumia ncha ya kidole kimoja, polepole. Ukiandika, inua viganja, kwa sababu kiganja kikilala pale mshale unahama bila wewe kujua, na nashuku wimbo wa mavuno ulikufa hivyo. Kitambaa cha maua kikae mbali ukifanya kazi. Ikiendelea kuruka hata mikono ikiwa safi, chomoa waya wa stima ujaribu na betri peke yake, maana stima zetu hizi unazijua. Na ikinyamaza kabisa, pengine umefinya bila kujua kile kidude cha juu chenye picha ya kimraba, hicho huzima na kuwasha. Mafuta yako ujipake ukishamaliza kuandika. Ukiona hayo yote ni kazi, Phelista akuletee mausi ya waya, kile kipanya cha kusukuma mezani, hiyo haichagui mikono.

Mambo ya mashine yamekwisha. Lakini mashine ilikuwa shida ndogo, na wewe unajua. Shida kubwa ni mdomo. Mtu mzima, mama wa kanisa, unapaza sauti ya kwaya nyuma ya mbao ukisema mikono ya mtu imejaa kwa kitu, halafu unashangaa ametoka bila kula? Ningekuwa mimi ningetoka na kuku!

Huyo mtu wa kanisa wa Jumamosi aende zake mikono mitupu. Wewe piga simu kwa Phelista leo. Mweleze mafuta, mweleze Nabwile, usifiche kitu. Mwambie awaambie wote kwake kwamba kuku mwingine yupo, na Wakoli anaombwa arudi. Akija, aketi pale pale sebuleni, wewe simama pale pale jikoni, na useme kwa sauti ile ile, "Mafuta ni yangu, makosa ni yangu, samahani mwanangu." Ukuta uliopitisha yale utapitisha na haya. Na firigisi, ile ya mgeni wa heshima, iende kwa sahani yake, mtu asije akanisingizia kwamba sikusema.

Halafu kuna jambo hukuliona, na hilo ndilo limeniuma nikisoma barua yako. Huyo kijana hatakushika mkono maisha yake yote, na anajua hivyo. Alisikia mikono yako inauma, akafikiria atakusaidia aje bila kukugusa, akaona akupe kile ambacho mikono yake mwenyewe ilikuwa inakitumia. Wewe umekifunga na leso ukirudishe.

Nawa mikono, Mama Phelista. Halafu upige simu.

Senge Edah