Picha Niliyoiteremsha Ukutani

Birmingham, Jumanne

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti bado linakusumbua, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Mimi mwili mzima, moyo ndio mbovu. Simu sikuthubutu kupiga, maana hili halisemeki huku watu wote wa nyumbani wanasikiliza.

Yule bibi wa mtaa wa Moseley niliyekuwa nikimuuguza amefariki Alhamisi. Unajua hali yake: mwaka mzima kitandani, hasemi tangu apate kiharusi. Mbele yake ilitundikwa ile picha maarufu ya wapenzi waliogubikwa dhahabu, mwanamme kainama anambusu mwenzake shavuni, mwanamke kapiga magoti juu ya maua, kafumba macho. Yeye na mumewe waliinunua fungateni. Mumewe aliwahi kuniambia, "Akiamka huitazama hiyo kwanza, ndipo anitazame mimi." Mimi nikiona haya, nikipita pale nainamisha kichwa.

Alhamisi mzee alitoka kwenda duka la dawa. Mara pumzi za bibi zikabadilika, nikajua ndiyo sakarati ya mauti. Nikakumbuka ulivyotufundisha, kwamba malaika wa rehema hawaingii penye picha. Nilimpenda yule bibi, Mama. Nikapanda kiti, nikaiteremsha, nikaiweka nje ya mlango, nikarudi kumshika mkono.

Akanyanyua kidole, akaonyesha ukutani. Nikafurahi, mjinga mimi! Nikadhani kamwona malaika. "Ndiyo, bibi, nenda naye," nikamwambia. Akatikisa kichwa, machozi yakamtoka, akaonyesha tena. Akakata roho anapatazama pale pale, penye alama ya fremu. Hapo ndipo nilipofahamu.

Nikaitundika tena mbiombio. Mzee akaingia, akamwona mkewe, akaitazama picha.

"Afadhali ameondoka akiitazama, sivyo?"

Nikasema ndiyo. Akanilalia begani akalia, akanishukuru.

Huku maiti hukaa hata wiki mbili. Mazishi ni Ijumaa ijayo, na mzee kaniomba nisimame kanisani nieleze mwisho wake ulivyokuwa. Sijala vizuri tangu siku hiyo.

Nisalimie kaka Hamadi, na shangazi aliyenilea. Wifi mpe hongera ya mtoto. Baba usimsomee barua hii.

Nimekata shauri, Mama. Mzee hana kingine alichobakiwa nacho, na mimi sitamnyang'anya. Barua ikikufikia nitakuwa nimeshasimama mbele za watu nikasema uongo, na kila mtu amenipa mkono. Wewe usinitetee.

Mwanao,
Zuhura