Tryphena Wawili, Faili Moja

S.L.P. 218,
Voi.
Jumapili, 14 Septemba 1997

Mpendwa Dada Rayhana,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Muscat, joto limepungua na lile goti limeacha kukusumbua. Sisi huku tu wazima wa mwili. Baba anakohoa kidogo kwa vumbi, nawe unalijua vumbi la Voi, lakini swala ya alfajiri haimpiti. Mama ni yule yule, hali mpaka aone kila mtu ameshiba.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Uliniuliza kama nataka kitabu cha Visual Basic, ukanitania kwamba hii lugha yangu ya programu, Clipper, itanizeesha kabla ya wakati. Sikukujibu kwa sababu nina jambo linanila moyo, na hapa nyumbani sina wa kumweleza. Wewe ndiye uliyenifundisha mstari wa kwanza wa programu, kwa dBase, ile likizo uliyokuja, basi nisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba Bwana Danson, mwenye zahanati ndogo pale Mwatate, alinipa kazi ya kuingiza kadi za wagonjwa kwenye kompyuta. Niliandika programu kwa Clipper, skrini nyeusi na maandishi ya kijani, nikajiona bingwa. Zamani kadi alizishika Sista Lois, nesi aliyestaafu mwaka jana. Yeye hakuhitaji kusoma jina. Alimjua mtu kwa uso, kwa mama yake na kwa kijiji chake. Mimi nikafanya jina ndilo la kutafutia faili, nikasema yatosha.

Na mimi nimezaliwa hapa, nimesoma na Wadawida, Wataita wa hapa, tangu darasa la kwanza. Najua mtoto hupewa jina la nyanya yake au babu yake. Hata sisi, si mimi nimebeba jina la babu? Nilijua, na bado sikufikiri.

Kule kijijini Mwanda, mlimani, kuna Tryphena Kituku wa miaka sitini na mmoja, na kuna mjukuu wake, Tryphena Kituku wa miaka saba. Kadi ya mtoto ilikuwa na maneno ya Sista Lois kwa wino mwekundu: asidungwe penisilini. Niliingiza ya mtoto kwanza. Nilipoingiza ya nyanya, programu ikadhani ni mtu yule yule, ikafuta habari za mtoto na kuweka za nyanya bila kuniuliza. Kadi zenyewe zikafungwa kamba, zikatiwa stoo.

Mwezi uliopita mtoto aliletwa na shangazi yake, koo limevimba. Nesi mpya akatoa karatasi kwenye printa. Umri ulisema sitini na moja. Akacheka, akasema leo kompyuta imelewa, akakata kwa kalamu akaandika saba, kisha akamdunga penisilini. Uso wa mtoto ulifura, pumzi zikawa za kuvuta kwa shida. Alhamdulillahi dawa ya kumrudisha ilikuwa kabatini. Yu hai. Mimi nilikuwa chumba cha pili nabadilisha utepe wa printa, nikasikia yote.

Sasa hapa ndipo penye aibu. Bwana Danson aliponiuliza, nilimwambia kosa ni la Clipper. Nikasema ni lugha ya zamani, DOS ina mipaka yake, watu siku hizi wako Windows. Akaniamini, maana mambo ya kompyuta yeye hayajui. Akampigia simu Kitheka, muuzaji wa programu kutoka Nairobi.

Kitheka alikuja Alhamisi, na sitakudanganya, nilimwonea wivu. Hiyo COBOL yako ya kazini huko hutaka kurasa tatu kabla haijasema hujambo. Clipper yangu ni nyepesi, hukaa kwenye disketi moja. Lakini kwa Visual Basic, fomu niliyoisumbukia wiki nzima yeye huichora asubuhi moja, na vitufe vya rangi juu yake. Inataka mashine mpya tu. Nikamwomba aingize Tryphena Kituku, halafu amwingize mwingine wa jina hilo hilo. Programu yake ikafungua faili ile ile ya kwanza.

"Hiyo si shida, boss," akamwambia Bwana Danson. "Majina kufanana hivyo ni mara moja moja tu."

Bwana Danson akaitikia kwa kichwa. Mimi nikainama kukusanya disketi zangu.

Jana nilipanda Mwanda kumwona mtoto. Anacheza. Nyanya yake alinipa uji, akanitazama nikinywa, kisha akasema, "Mimi mjukuu nilimpa jina. Mwili sikumpa. Hiyo mashine yako haikuuliza?"

Nikaweka kikombe chini. Haikuuliza kwa sababu mimi sikuiambia iulize. Ningeandika kwa COBOL au kwa Visual Basic, ningekosea vile vile. Mficha maradhi kifo humuumbua, na haya ninayoyaficha yalikaribia kumwua mtoto wa watu.

Kesho Bwana Danson anatia sahihi kununua programu ya Kitheka. Nimeitoa ile kadi stoo, iko mfukoni mwa shati langu. Nitaiweka mezani kabla hajashika kalamu. Nitamwambia kila mgonjwa apewe nambari yake, na programu iulize umri na jina la mama, iwe ni ya Kitheka au ni yangu. Kazi najua nitaikosa. Naogopa, Dada. Baba akitoka msikitini hunitaja kwa watu, mwanangu fundi wa kompyuta.

Kitabu usitume kwanza.

Baba na Mama wanakusalimu sana, na mdogo wetu Nasiha anauliza kama bado unajua kupika mahamri. Nisalimie shemeji Abdulbasit na watoto. Mwenyezi Mungu awalinde na awape afya.

Niombee dua, lakini usiniombee kazi nyingine. Niombee nisigeuke nikifika mlangoni.

Ni mimi nduguyo nikupendaye,
Munir