Mkono Ulio Kwenye Albamu

3 Machi

Kaka, shikamoo.

Nimefika salama. Shemeji yako anakusalimu sana na watoto wanakuulizia. Magoti yananisumbua kidogo, lakini hayo ni ya umri. Shemeji hajambo? Kikohozi chake kimekwisha? Simu hupokei, ndiyo maana naandika.

Bado siamini. Miaka ishirini na sita tangu bendi ivunjike, halafu ndani ya wiki mbili tumemaliza kurekodi nyimbo kumi, magitaa yanaunguruma kama enzi zile majirani walipokuwa wakituitia polisi! Tena kwa sheria yetu ileile: wote chumba kimoja, akikosea mmoja tunarudi mwanzo. Besi na gitaa lake zito alipokosea mara ya tisa kwenye wimbo tuliomtungia mama, nilidhani utamrushia kiti.

Kuna jambo sikukwambia. Daktari ameuangalia mkono wangu wa kulia. Anasema kutetemeka kutazidi, na mwakani hata randa ya useremala sitaishika sawasawa. Kwa hiyo albamu hiyo ndiyo mara ya mwisho watu kunisikia nikipiga ngoma. Naomba kitu kimoja tu, nitumie nakala niisikilize kabla haijatoka.

Mdogo wako,
Nyundo

21 Aprili

Mdogo wangu, marahaba, na pole kwa kusubiri.

Huku wazima. Kikohozi cha shemeji yako kimekwisha, kimebaki kisirani chake tu. Habari ya mkono imenisikitisha. Tafuta daktari mwingine, usimsikilize huyo mmoja.

Albamu imetoka tangu Ijumaa! Mambo yalikwenda mbio, nakala yako ikasahaulika mezani. Nitaituma. Pale duka la muziki watu walipanga foleni mpaka barabarani, wazee na vitambi vyao, wamevaa fulana zetu za zamani haziwafiki hata kitovuni. Na yule mwanamama mchambuzi wa gazeti, aliyewahi kutuita makelele ya mabati, safari hii ameandika: "Mpiga ngoma hajazeeka hata siku moja." Nimekukatia, imo humu ndani ya bahasha.

Onyesho la uzinduzi ni tarehe 14 Juni. Jiandae.

Kaka yako

2 Mei

Kaka, shikamoo.

Tuko wazima. Leo salamu ni hizo tu.

Kile kipande cha gazeti shemeji yako alikibandika mlangoni pa karakana. Wateja wananipa mkono kabla hawajasema wanataka meza au kitanda. Jana nilikuwa nakata mbao, redio ikapiga wimbo wa mama. Nikazima msumeno nisikilize.

Mimi kabla ya kiitikio huwa nachelewa kidogo. Tangu ujana. Ulinigombeza weee, mwisho ukazoea, ukawa unanisubiri. Huyu wa redioni hachelewi hata chembe. Anafika kwa wakati na kuondoka kwa wakati kama karani wa ofisini.

Yule si mimi. Nijibu neno moja, ndiyo au hapana.

Mdogo wako,
Nyundo

20 Mei

Mdogo wangu,

Nimechana barua nne kabla ya hii. Ndiyo.

Ulipoondoka, fundi mitambo wa studio alinikalisha akanifungulia ngoma zako peke yake. Kila wimbo unaanza vizuri, dakika ya pili mkono unachoka, nasi tunakufuata taratibu kama watu wanaoshuka ngazi gizani. Hata siku zile studio nilisikia. Sikuwa na moyo wa kukusimamisha. Kampuni ya muziki wakasema albamu ikiwa hivyo hawaitoi. Wakaleta mpigaji wa kukodi, tukaingia naye chumba kilekile, tukazirudia zote kumi. Jina lako nikaliacha kwenye kava. Nilijiambia nakusitiri. Nilidhani hutajua, na huo ndio ujinga wangu, kudhani mtu hautambui mkono wake.

Sasa nisaidie. Siku ya onyesho ukae kwenye ngoma, upige pole pole, vipaza sauti vyako tutavizima. Mwenzako atapiga nyuma ya pazia. Watu wanakuja kukuona wewe.

Kaka yako akupendaye

24 Mei

Kaka,

Shikamoo nakupa kwa sababu mama alitufundisha.

Unataka nikae jukwaani kama sanamu la duka la nguo? Nina miaka sitini na moja! Huyo wa kukodi hajaniudhi, amefanya kazi yake. Kilichoniuma ni nyinyi kuingia chumba kilekile mkafunga mlango. Hata Besi, aliyenipigia simu wiki hiyohiyo kuniuliza habari za makabati yake ninayomtengenezea, akacheka na mimi.

Mchambuzi anakuja hapa karakana Jumanne, tarehe 2 Juni. Anataka kuandika habari za mzee asiyezeeka. Kabla hajafika, nitumie zile nyimbo nilizopiga mimi. Nataka nisikie mwenyewe kama ni mbaya hivyo. Usipozituma nitajua umezifuta, na hapo usiniite tena mdogo wako.

Nyundo

29 Mei

Mdogo wangu,

Hizi hapa, zote kumi. Anakuletea fundi mitambo mwenyewe, posta siiamini. Nakuomba kwa jina la mama, huyo mwanamama asizisikie. Ukimwambia, hakuna onyesho wala bendi, na watu watatucheka uzeeni. Chakula hakinipiti.

Kaka yako

4 Juni

Kaka, shikamoo.

Natumaini umeanza kula. Sisi hatujambo.

Nilifunga karakana, nikasikiliza zote kumi, shemeji yako pembeni yangu. Ulisema kweli. Ni mbaya. Wimbo wa saba nilijionea aibu mpaka nikatoka nje. Ule wa mama niliumaliza, nikalia. Shemeji yako aliushika mkono wangu wa kulia mpaka ukatulia.

Mchambuzi alikuja na daftari lake. Nilimwambia aliyepiga kwenye albamu si mimi, mkono wangu unaumwa, na jina la aliyepiga aje alitafute kwenu, maana zile sifa ni zake. Akaniuliza kwa nini mlinificha. Nikamwambia akakuulize wewe. Itatoka gazetini Jumamosi. Zile nyimbo sikumfungulia. Zile ni zangu na mke wangu.

Sijui kama tarehe 14 watu watakuja. Mimi sitakuja. Hasira bado ninayo, sikufichi.

Lakini kuna jambo moja lazima nikwambie. Tangu ujana, ukiwa na neno na mimi katikati ya wimbo, ulikuwa unageuka unanitazama, na mimi naelewa. Safari hii ulinisikia nachelewa nyimbo kumi nzima na hukugeuka. Ungegeuka mara moja tu, kaka, ningeviweka vijiti chini mwenyewe, na huyo wa kukodi ningempisha akae.

Mdogo wako