Mama Mkwe Hakulia

Jumamosi. Mvua imekatika saa nne asubuhi, na hapa kijijini Gorong'a matope yamefika hadi mlangoni. Nimechoka, ila si uchovu wa shamba.

Ninafundisha fasihi kidato cha nne. Mwezi huu tunachambua riwaya moja ya Kiafrika kuhusu vita, na Jumatatu msichana mmoja aliniuliza kwa nini wanawake wa humo wanalia tu, na vita vikiisha hawasikiki tena. Nikarudi nyumbani nikaanza kuandika hadithi.

Nilimwandika mama mkwe wangu.

Yeye aliolewa hapa kutoka ukoo mwingine, na koo hizo mbili zilipopigana alikuwa bado mke kijana. Mume wangu aliwahi kunigusia tu: nyumba yao ilichomwa mchana kweupe, mama akakimbia na watoto. Mengine nikayabuni. Nikampigisha magoti mbele ya moto, nikamliza kurasa mbili nzima. Sikumwomba ruhusa. Nilijiambia kwamba hajui kusoma, hatajua.

Naona aibu kuiandika sentensi hiyo.

Leo tulikuwa tunachambua maharage, mimi na yeye tu, nikashindwa kuvumilia. Nikaleta daftari, nikamsomea yote, nikitafsiri kwa Kikurya changu cha kubahatisha, maana mimi ni mtu wa Kisaka, na huko kwetu lugha ni nyingine. Alisikiliza huku vidole vikiendelea kutoa mawe kwenye ungo.

Nilipomaliza akasema, "Sikulia, mwanangu. Nilikuwa nahesabu watoto."

Walikuwa watatu. Wawili wamemshika kanga, mmoja mgongoni. Ndani ya shamba la mahindi moshi ulikuwa mzito, kwa hiyo kila baada ya hatua chache aliwagusa vichwa, moja, mbili, tatu, kisha anaanza upya. Mpaka leo, aliniambia, watu wakijaa nyumbani anajikuta anahesabu.

Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kabla hajatoka, alisikia sauti ya kaka yake nje, akiwaelekeza wenzake waanzie upande wa jikoni. Kaka yake aliijua nyumba ile vizuri. Alikuwa amekula humo mara nyingi.

Kaka huyo tulimzika mwaka jana. Msibani mama alikaa macho makavu, na wanawake wakamsema pembeni.

Mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo. Akasema angewaambia wanawe wangali vijana, wangeshika mapanga kwenda kulipiza, naye angebaki anazika huku na huku. Sasa kaka amekufa, na wana wake mama nao wana wajukuu. Nikamwomba msamaha, kwa hadithi na kwa yale ya msibani. Alinisogezea ungo nimalizie, akaenda kumwita mume wangu aliyekuwa zizini.

Alimweleza mwenyewe, kwa sauti ileile ya kawaida. Nilidhani mume wangu atauliza habari za mjomba wake. Badala yake akauliza ni nani kati yao watatu aliyekuwa mgongoni siku ile.

"Ni wewe," mama akasema. "Ulilala njia nzima."

Mwanaume huyu ana mvi sasa. Alikaa chini kwenye mkeka karibu na mama yake, nami nikaondoka nikawaacha.

Nimemuuliza mama kama naweza kuyaandika haya hapa. Amekubali, mradi nisitaje koo wala jina la marehemu. Zile kurasa mbili za machozi nimezichana. Kesho tukitoka kanisani nitakaa naye tena, na kalamu itabaki kwenye mkoba mpaka yeye mwenyewe aniambie niitoe.