Mama Viti, Vyote Tumevilipia

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu usinzie mchana kwenye kiti chako cha mlangoni na kukataa kuamka. Kiti chenyewe ni kile chenye mguu uliofungwa waya, ulichokinunua kutoka kituo chetu cha mtaa kwa bei ya kipya ingawa mweka hazina wake ulikuwa wewe mwenyewe.

Mtaani walikuita Mama Viti, na jina hilo ulilipata kwa ugomvi. Majirani walichanga fedha za kujenga kituo: chumba cha mkunga, chumba cha watoto ambao mama zao wanashinda kazini, na kona ya kuwaandikia watu barua za madai yao. Mchango ukatosha msingi na ukuta mmoja. Ukasimama kikaoni ukasema vinunuliwe viti vya plastiki na maturubai, vikodishwe harusini na misibani. Kikao kikachafuka. Hata Baba alikuruka.

"Mama watoto, watu wanataka kituo, wewe unataka tukae juani?"

"Ukuta mmoja nani ataukodi, baba watoto? Kiti kitakodiwa Jumamosi hii hii. Na mkunga hali matofali."

Wakacheka, na waliocheka ndio waliokuunga mkono.

Viti vikatoka Jumamosi ile, vikatoka na iliyofuata, na kuta zikaongezeka taratibu. Wafadhili walipokuja kutazama jengo, uliwakalisha mahali ambapo jengo lingekuwa, ukawaambia, "Hapa mlipo ni chumba cha mkunga, msivute sigara." Walicheka mpaka wakatoa mabati. Ila mshahara wa mkunga, maji na umeme vinatoka kwenye viti mpaka leo, kwa sababu wafadhili wanapenda kukata utepe kuliko kulipa umeme. Hilo nalo uliwaambia, huku unawamiminia chai.

Tunavikumbuka vituko vyako. Harusini hukutulia. Ulimwendea mgeni na heshima zake, "Samahani kaka yangu, inuka kidogo," kisha ukapindua kiti kutafuta doa la rangi ya bluu, alama ya kituo. Bwana harusi mmoja uliwahi kumwinua akiwa na keki mdomoni.

Sheria yako ilikuwa moja tu, hakuna cha bure. Diwani aliomba, ukamnyima kwa tabasamu. Binti yako alipoolewa alilipa, akanuna wiki nzima. Aliyefiwa akiwa hana kitu hukumpa bure pia. Ulizunguka nyumba kwa nyumba na mkoba wako mpaka viti vyake vikalipiwa, na wa kwanza kutoa ulikuwa wewe. Mfiwa hakujua nani katoa.

Kisha ukatutoka, na msiba wako ukafurika kuliko yote. Mwenyekiti wa kituo, macho yamemwiva, akatuambia, "Viti hivi vyote ni vya mama yenu. Chukueni, leo hakuna malipo."

Mifuko yetu ilikuwa mitupu, Mama, na tulitamani sana kusema ahsante. Mkunga alikuwa pembeni, kainamisha uso. Tulijua anachowaza. Kila msiba una mtu aliyependwa. Ukisamehewa wewe leo, kesho atalipa nani?

Baba ndiye aliyemjibu mwenyekiti. "Jamani, mnataka afufuke anigombeze mbele za watu?" Akavua kofia, akatia alichokuwa nacho, akaanza kuizungusha kwa ndugu na majirani, analia huku anacheka. Ikarudi imejaa. Tukavilipia viti vyote, hata alichokalia Baba mwenyewe.

Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuomba bure. Kituo kiko wazi, mkunga analipwa, na mjukuu wako mdogo, mwenye jina lako, amezaliwa kwenye chumba kile kile ulichowakataza wafadhili kuvutia sigara. Ana sauti kama yako, majirani ni mashahidi.

Unakumbukwa na mumeo fundi redio, binti yako mshonaji ambaye siku hizi hanuni, mwanao dereva anayebeba viti, dada yako, wakwe, wajukuu, mkunga na mtaa mzima.

Jumapili tutakusanyika kituoni kwa ajili yako. Majirani, karibuni nyote, viti vimeshalipiwa. Kile cha waya tutakuja nacho kutoka nyumbani, na hakuna atakayekikalia.

Tumekupenda na daima tutakukumbuka, Mama. Ukipita kukagua rangi yako ya bluu, sote tutainuka.